Bunduki ya Kuwindia Kanga na Kwale: Ipi Inastahili Fedha Yako?

Bunduki ya ndege hubebwa asubuhi nzima, ikatumika kwa sekunde mbili tatu. Kwale hujibanza kwenye nyasi mpaka mguu umfikie, kisha huruka kwa kishindo na kupotelea nyuma ya kichaka cha kwanza. Kanga ana tabia nyingine: hukimbia kwanza, na asipobanwa haruki, akiruka, kundi zima hupaa kwa pamoja, mara nyingi likiwa mita thelathini au zaidi kutoka kwa mwindaji. Kwa hiyo bunduki inayovutia ikiwa imelazwa juu ya meza ya muuzaji inaweza kuwa mzigo wa bure porini. Tathmini hii inapima shotigani, yaani bunduki zinazorusha punje nyingi (marisau) kwa mpigo mmoja, ambazo mnunuzi wa Tanzania anaweza kukutana nazo, mpya na zilizotumika, kwa ajili ya mtu anayewinda kanga, kwale, njiwa na firigogo kwa miguu yake.

Mwenye haraka achukue hili: geji 12, mitutu miwili, chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi) yenye urefu wa milimita 70 au 76, uzito wa kilo 3 hadi 3.2, na kitako kinachomkaa. Jina lililochorwa pembeni linafuata baada ya hayo yote.

Geji na uzito

Geji ni hesabu ya kale. Ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 454, ikigawanywa katika gololi 12 zilizo sawa, kila gololi itaenea barabara ndani ya mtutu wa geji 12. Ndiyo sababu namba ikipanda, tundu linapungua: geji 12 ina tundu la takriban milimita 18.5, geji 16 kama 16.8, na geji 20 kama 15.6. Ile iitwayo .410 si geji hata kidogo, ni kipenyo kwa inchi, karibu milimita 10.4. Watu wengi humpa kijana au mama .410 kwa kudhani ni nyepesi kujifunzia. Ni nyepesi kweli, lakini punje zake ni chache mno, na anayejifunza hukosa ndege hata alipolenga sawasawa, kisha hukata tamaa. Anayeanza apewe geji 20 yenye risasi za gramu 24 au 28, yaani uzito wa punje zilizomo.

Kwa wengine wote geji 12 inatosha na inazidi, kwanza kwa sababu risasi zake ndizo zinazopatikana kwa urahisi, na pili kwa sababu inakubali mzigo wa gramu 24 hadi 36 bila kubadilisha bunduki. Geji 16 ni bunduki nzuri sana kuibeba, ila kabla ya kuinunua hakikisha unajua utapata wapi risasi mwaka kesho.

Kuna hatari moja ambayo kila nyumba yenye bunduki za geji mbili lazima iijue. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwa makosa ndani ya bunduki ya geji 12, haikai kwenye chemba. Huteleza mbele na kunasa pale tundu linapoanza kubana. Mtu akitazama chemba anaiona tupu, anaweka risasi ya geji 12 nyuma yake, na anapofyatua mtutu hupasuka karibu na mkono wake wa mbele. Kwa ajili hiyo watengenezaji huzipa risasi za geji 20 ganda la rangi ya njano. Usichanganye aina mbili katika mfuko mmoja, hata kwa siku moja.

Kuhusu uzito, mafundi wa Uingereza wana kanuni inayohusishwa na W. W. Greener, mtengenezaji wa bunduki: bunduki iwe na uzito wa mara 96 ya mzigo wa marisau. Kwa gramu 28 unapata kilo 2.7, kwa gramu 32, kilo 3.07, kwa gramu 36, karibu kilo 3.5. Chini ya hapo teke linaumiza, na bega likianza kuogopa, mtu huanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Juu ya hapo mikono inachoka, na kufikia saa nne asubuhi mdomo wa bunduki unainuka kwa kuchelewa. Kilo 3 hadi 3.2 ndizo zinazomfaa mtu anayetembea. Mnene wa mwili anaweza kuongeza kidogo.

Baikal za mitutu miwili

Bunduki za Baikal hutoka Izhevsk, Urusi, na kwa mwindaji asiye na fedha nyingi ndizo zinazostahili kutazamwa kwanza. MP-43, ambayo zamani iliitwa IZH-43, ina mitutu iliyolala ubavu kwa ubavu. MP-27, zamani IZH-27, ina mtutu mmoja juu ya mwingine. Zote mbili ni za chuma kingi na urembo mchache. Mitutu imepakwa kromu kwa ndani, jambo ambalo mkazi wa Tanga au Dar es Salaam anapaswa kulithamini kuliko nakshi yoyote, maana hewa ya chumvi hula mtutu usio na kromu ndani ya majuma machache.

Kasoro zake ziko wazi. Ni nzito: nyingi za geji 12 huzidi kilo 3.3. Zikiwa mpya huwa ngumu kufungua, na mtu asiye na nguvu za mikono huhitaji kuikunja juu ya goti mpaka ilainike. Vifyatulio huwa vizito na vyenye mkwaruzo. Fundi mwenye ujuzi huweza kuvilainisha, lakini asivipunguze chini ya kilo moja na nusu. Mbao za kitako hutofautiana sana kati ya bunduki na bunduki, kwa hiyo usikubali kuchaguliwa na muuzaji. Toa tatu, pima zote. Na tangu kiwanda kilipowekewa vikwazo na Marekani pamoja na washirika wake, kuanzia mwaka 2014, mpya si rahisi kupatikana kila mahali, basi nyingi utakazoziona zimeshatumika. Hilo si tatizo kubwa, kwa kuwa Baikal iliyotunzwa hudumu kizazi kizima.

Kati ya hizo mbili, kwa kwale kwenye vichaka chukua MP-43 yenye vifyatulio viwili. Cha mbele kwa kawaida huendesha mtutu wa kulia ulio wazi zaidi mdomoni, cha nyuma mtutu wa kushoto uliobanwa. Ndege akiruka karibu unavuta cha mbele, akiwa mbali unavuta cha nyuma, bila kugusa kitufe chochote. Isitoshe, kila mtutu una mtambo wake, na mmoja ukigoma mwingine upo.

Bunduki zenye kifyatulio kimoja zinahitaji uangalifu hapo. Katika nyingi, mtutu wa pili hujiandaa kwa nguvu ya teke la risasi ya kwanza. Risasi ya kwanza isipolipuka, hakuna teke, na mtutu wa pili haujiandai. Jaribio lake ni rahisi: weka maganda bandia, fyatua, kisha vuta tena. Isipolia mara ya pili mpaka ugonge kitako kwa kiganja, ni ya aina hiyo. Haifanyi bunduki kuwa mbaya, ila ujue uliyo nayo.

Beretta na Browning

Beretta 686, hasa ile ya Silver Pigeon, ni bunduki ya mitutu ya juu na chini inayotoka Gardone Val Trompia, Italia, kwa nyumba iliyokuwa ikiuza mitutu tangu mwaka 1526. Uzuri wake wa kweli uko kwenye boksi la mtambo. Mitutu haibebwi na pini ndefu inayopita chini yake. Imekalia vijiti viwili vifupi, kimoja kila upande. Hivyo boksi linakuwa fupi kwa kimo, mitutu inakaa chini kati ya viganja, na mikono miwili huelekea kwenye ndege kama unavyonyoosha kidole. Sehemu zinazolika, yaani vijiti hivyo na makufuli ya pembeni, hubadilishwa na fundi bila kuchonga mwili wa bunduki. Ya geji 12 ya porini ina uzito wa kilo 3.2 hivi.

Browning B525 ni ya ukoo wa Superposed, bunduki ambayo John Browning aliiacha alipofariki mwaka 1926. Hutengenezwa Japani na Miroku. Pini yake ya bawaba hupita upana wote, boksi ni refu zaidi kwa kimo, na bunduki nzima huhisi nzito kidogo mbele. Kwa ndege wanaopita juu, kama njiwa wanaorudi shambani au firigogo wanaokwenda kunywa maji asubuhi, uzito huo wa mbele husaidia, kwa kuwa mtutu ukishaanza kwenda hausimami. Kwa kwale anayeruka miguuni, Beretta inawahi.

Je, zinastahili bei? Kwa mtu anayefyatua risasi hamsini kwa mwaka, hapana. Fedha hiyo inatosha Baikal nzuri, fundi wa kurekebisha kitako, na risasi za miaka kadhaa. Kwa anayepiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani kila wiki, ndiyo, kwa sababu tofauti ya bunduki hizi huonekana baada ya risasi elfu kumi, si elfu moja. Na kama unanunua ya kurithisha, hapo hakuna ubishi.

Za Uturuki

Hapa lazima tuseme kwa makini. Uturuki ina viwanda vingi, vingine vya ufundi wa muda mrefu kama vile vya mji wa Huğlu katika mkoa wa Konya, vingine vinavyotoa bunduki za bei ya chini kwa jina lolote ambalo mwagizaji anataka lichorwe. Yildiz na ATA zina wepesi unaovutia: baadhi ya mitutu miwili ya Yildiz ina boksi la alumini na hushuka chini ya kilo 3 kwa geji 12. Ni raha kuzibeba. Ni adhabu kuzifyatua kwa gramu 36. Ukinunua bunduki ya aina hiyo, ilishe gramu 24 hadi 28 na uiachie kwale na njiwa.

Kinachoharibika mara nyingi katika za bei ya chini ni sindano za kugonga, springi, na kirusha maganda. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama anazo sindano na springi za akiba, na umwombe akuoneshe mkononi. Akisema zitaagizwa, hesabu kwamba huna. Nunua sindano mbili siku hiyohiyo unayonunua bunduki.

Za pampu na zinazojikoki

Mossberg 500 iliingia sokoni mwaka 1961 na Remington 870 mwaka 1950; zote za Marekani, na zote zimeshathibitisha uwezo wake. Tofauti zinazomhusu mwindaji ni chache. Kitufe cha usalama cha Mossberg kiko juu, mahali kidole gumba kinapolala, na hakijali kama wewe ni wa mkono wa kulia au wa kushoto. Cha Remington ni cha kusukuma pembeni, nyuma ya kifyatulio; kwa wa mkono wa kushoto ni usumbufu. Boksi la Remington ni la chuma kitupu, la Mossberg ni la alumini. Zile 870 za daraja la Express, zenye rangi nyeusi isiyong'aa, zinajulikana kushika kutu upesi, na chemba yake ikiwa na mikwaruzo ya kiwandani ganda la chuma laini hunasa. Dawa yake ni kuing'arisha chemba kwa pamba ya chuma laini sana na mafuta, kwa subira, na kazi hiyo apewe fundi.

Pampu ni imara, ni ya bei nafuu, na hula risasi za kila aina. Hata hivyo siipi nafasi ya kwanza kwa ndege, na sababu ni tatu. Ina mtutu mmoja, kwa hiyo choki moja (mbano wa mdomo wa mtutu) kwa wakati. Ni ndefu kwa karibu sentimita kumi kuliko ya mitutu miwili yenye mtutu sawa. Na zaidi ya yote, mwenzako hawezi kuona kwa mbali kama iko tupu. Bunduki ya kukunja ikifunguliwa na kuning'inizwa mkononi, kila mtu kwenye msafara anaona mwanga kupitia mitutu. Mnapovuka waya wa seng'enge au korongo, jambo hilo lina uzito kuliko risasi tano za akiba.

Zinazojikoki zenyewe ziko za namna mbili. Za gesi, kama Beretta A300 na A400, hupunguza teke kwa kiasi kinachohisika, lakini masizi na vumbi hujikusanya kwenye pistoni, na katika nchi kavu kama Dodoma na Singida zinadai kusafishwa kila jioni. Benelli hutumia springi na uzito wa kibebeo, kipande cha chuma kinachobeba kichwa cha kufunga chemba. Ni safi na nyepesi, ila inataka bega thabiti na risasi isiyo dhaifu mno. Kibebeo chake kikiguswa kikafunguka kidogo bila wewe kujua, kichwa hakijifungi, na ukivuta kifyatulio unasikia mlio tu wakati kanga wanaondoka. Kabla ya kutoa hata senti, waulize polisi na ofisi ya wanyamapori kama bunduki inayojikoki itapewa kibali kwa uwindaji unaoukusudia. Aina hizi huwekewa masharti zaidi kuliko nyingine.

Bunduki ya mtutu mmoja, kama MP-18 ya Baikal, ina sifa ya kuwa nyepesi, rahisi na ya bei ya chini kuliko zote. Inamfaa mlinzi wa shamba. Mwindaji wa ndege ataijutia mara ya kwanza kanga wa pili anapopita juu yake.

Kitako: hapa ndipo ndege hupatikana au hukoswa

Bunduki ya marisau hailengwi kama raifo. Jicho liko kwa ndege. Bunduki inafuata uso. Kwa maneno mengine jicho lako ndilo shabaha ya nyuma, na kitako ndicho kinachoamua jicho litakaa wapi. Badiliko la milimita 1.6 kwenye mgongo wa kitako huhamisha kundi la marisau kwa kama sentimita tano kwenye mita thelathini. Ukijumlisha makosa matatu madogo, umemkosa kwale mzima.

Jipime hivi. Hakikisha bunduki ni tupu, ukiangalia chemba kwa macho na kwa kidole. Chagua alama ukutani kwa kimo cha macho. Fumba macho, inua bunduki begani na shavuni kama unavyofanya siku zote, kisha fumbua. Kishanga cha mbele, kile kidude kilicho mdomoni mwa mtutu, kinapaswa kuonekana katikati, kikiwa kimekaa juu ya reli (ukanda wa chuma ulio mgongoni mwa mtutu), na reli yenyewe ionekane kidogo tu. Ukiona reli ndefu kama barabara, mgongo wa kitako uko juu na utapiga juu. Ukiona mgongo wa boksi na kishanga kimefichwa, uko chini, na utapiga chini au utaanza kuinua shavu, kosa ambalo halitabiriki. Kishanga kikiangukia kushoto au kulia, kitako kinahitaji kupindwa upande. Rudia mara kumi, si mara moja.

Urefu kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako kwa bunduki nyingi za kiwandani ni sentimita 36 hadi 37.5. Mtu mfupi au mwenye mikono mifupi anahitaji 34 au 35. Kipimo cha haraka: bunduki ikiwa begani, kati ya kidole gumba na pua ibaki nafasi ya vidole viwili hadi vitatu. Ikiwa ndefu, hukwama kwenye nguo za kwapani. Ikiwa fupi, gumba hukupiga puani. Kufupisha ni kazi ya msumeno mzuri na fundi mtulivu. Kurefusha ni kuongeza raba au vipande vya mbao. Vyote ni gharama ndogo ukilinganisha na bei ya bunduki, na hakuna fedha inayoleta ndege wengi kuliko hii.

Pima pia jicho lenye nguvu. Nyoosha kidole kuelekea kitu kilicho mbali ukiwa umefumbua macho yote mawili, kisha fumba la kushoto. Kidole kikibaki palepale, jicho la kulia ndilo linaloongoza. Kikiruka pembeni, ni la kushoto, na kwa mtu anayepiga kwa bega la kulia hilo linaeleza miaka ya kukosa. Dawa yake ni kipande kidogo cha utepe wa kufifisha juu ya kioo cha kushoto cha miwani, au kujifunza bega jingine ungali mapema.

Choki na risasi

Choki ni mbano wa mwisho wa mtutu unaoyaweka marisau pamoja. Kipimo kinachotumika ni asilimia ya punje zinazoingia ndani ya duara la sentimita 76 kwenye yadi 40, yaani mita 36.5. Mtutu usiobanwa hutia kama asilimia 40, robo choki kama 55, nusu 60, na choki kamili 70. Kwa kwale, chukua mtutu wa kwanza uliobanwa kidogo sana au robo. Wa pili nusu. Kwa kanga, nusu na robo tatu. Choki kamili iache: kwenye mita ishirini huharibu nyama, na kwa mkono usio na uzoefu hukosa tu.

Namba za marisau zinapotosha. Namba 6 ya Uingereza ni milimita 2.6, ya Italia ni 2.7, ya Marekani ni 2.8. Soma milimita kwenye boksi, si namba. Kanga mzima ni ndege wa zaidi ya kilo moja, mwenye manyoya mazito na mifupa migumu; mpe milimita 2.8 hadi 3.1. Gramu 32 za milimita 2.8 ni punje kama 250. Kwa nusu choki zinaingia 150 katika duara, na kwa ndege wa ukubwa huo zaidi ya mia ni za kutosha. Ukipendelea 3.1, chukua gramu 36, punje kama 210, na utabaki na 126. Kwale anataka wingi kuliko uzito: gramu 28 za milimita 2.4 ni punje kama 340, na hata kwa mbano mdogo unapata 170. Njiwa yuko hapohapo au chini kidogo, milimita 2.2 hadi 2.4. Firigogo ana manyoya ya kukinga, milimita 2.4 hadi 2.6 na nusu choki.

Hesabu hizo ni za karatasi ya kiwandani. Mtutu wako una tabia yake, na lazima uujaribu. Tundika karatasi ya sentimita 120 kwa 120, simama mita 36.5, piga katikati, andika aina ya risasi juu yake. Fanya hivyo na karatasi tano, kwa kuwa moja hudanganya. Kisha chora duara la sentimita 76 penye punje nyingi zaidi, hesabu, na utafute mashimo ambamo kwale mzima angepita salama. Mara nyingi utaona kwamba kubadilisha chapa ya risasi kunafanya kazi kubwa kuliko kubadilisha choki.

Chemba nayo isomwe. Bunduki za zamani za Uingereza zina chemba ya milimita 65. Risasi ya milimita 70 huingia humo bila shida, kwa kuwa ncha yake imekunjwa. Inapofunguka haina nafasi, na shinikizo hupanda kupita kiasi. Kipimo kimegongwa kwenye chuma chini ya mitutu. Kama hakisomeki, usifyatue mpaka fundi apime.

Kununua iliyotumika

Vua kishikio cha mbele, shika mitutu na mwili, utikise. Kusikia mchezo wowote kati yake ni dalili kwamba bawaba imelika. Tenganisha mitutu, ining'inize kwa kidole kwenye ndoano yake na uigonge kidogo kwa ukucha au penseli: mlio mrefu kama wa kengele ni mzuri, mlio uliokufa maana yake reli imeachia mahali fulani na unyevu unaingia. Tazama ndani ukielekeza kwenye dirisha. Kivuli kilichonyooka kama mstari ni sawa. Kivuli chenye pete ni uvimbe, na mtutu uliovimba haununuliwi kwa bei yoyote. Mabonyeo madogo hutolewa na fundi, mashimo ya kutu karibu na chemba hayatolewi.

Tazama shingo ya kitako, nyuma tu ya boksi, kwa nyufa nyembamba. Mafuta mengi ya miaka mingi huozesha mbao pale. Vichwa vya skrubu vilivyochanika vinakuambia nani ameifungua. Jaribu kitufe cha usalama ukiwa na maganda bandia ndani: kiweke, vuta kifyatulio kwa nguvu, achia, kisha ondoa usalama bila kugusa kifyatulio. Ikilia yenyewe, ni hatari. Mwisho linganisha namba ya bunduki na karatasi za muuzaji, herufi kwa herufi. Tofauti ya tarakimu moja inatosha kuondoka dukani.

Kwa Tanzania, umiliki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kibali huanza polisi kabla ya ununuzi, si baada yake. Uwindaji wenyewe unahitaji leseni chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009; nenda TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) au ofisi ya wanyamapori ya wilaya ujue ndege walioruhusiwa, idadi na eneo. Msomaji wa Kenya anajua kwamba uwindaji ulipigwa marufuku huko mwaka 1977. Kwake yeye ushauri wa kitako na choki utamfaa kwenye visahani.

Maji, chumvi na vumbi

Punje za madini ya risasi zikianguka kwenye mabwawa humezwa na bata pamoja na changarawe, na huwaua kwa sumu. Mkataba wa AEWA wa ndege wahamao wa majini, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unataka marisau hayo yasitumike tena kwenye ardhi oevu. Marisau ya chuma ndiyo badala yake. Ni mepesi kuliko madini ya risasi, hivyo chukua punje kubwa zaidi kwa saizi mbili, na hayabonyei, hivyo usizidishe nusu choki. Yenye nguvu kubwa yanataka mtutu uliogongwa alama ya ua la yungiyungi. Mitutu ya kale na myembamba usiiguse nayo kabisa.

Choki za kufunga kwa skrubu zivuliwe kila baada ya siku ya kuwinda, zifutwe, zipakwe grisi kidogo, na zirudishwe mpaka zikaze. Ikiachwa imelegea, moto na marisau huingia nyuma yake na kuichana pamoja na mdomo wa mtutu. Isipovuliwa mwaka mzima, hushika kutu na haitoki tena.

Kwa wa pwani: bunduki isilale ndani ya mfuko wake, kwa sababu pamba na ngozi huvuta unyevu. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta, isimamishe kabatini mdomo ukiwa chini ili mafuta yasishukie kwenye mbao, funga kwa kufuli, na risasi ziwe kabati jingine. Kwa wa bara penye vumbi, mafuta yawe machache, karibu makavu. Mafuta mengi na vumbi la Manyoni hugeuka kuwa msasa ndani ya mtambo.

Kitambaa kikitoka mtutuni na rangi ya kahawia baada ya siku tatu, rudia kusafisha, kisha rudia tena kesho yake.